Kepteni Hakutaka Kutoka

Mtu wa kwanza kunipa glavu hapa Birmingham ni kepteni wetu, kwa hiyo ukimsema vibaya mbele yangu tutakosana, hata kama uko sawa. Nasema mapema ili tuelewane. Msimu ule niligombana na watu wengi kwa ajili yake, na wengi wao walikuwa sawa.

Sisi tunacheza magongo ya barafuni. Najua, najua. Kila Mkenya nikimwambia anacheka kwanza, halafu anauliza, "Barafu ya wapi, ya friji?" Lakini mimi sikuanzia kwenye barafu. Nilianzia Nairobi, kwenye maegesho ya supamaketi iliyofungwa, na viatu vya magurudumu. Tena viatu vyenyewe vilikuwa jozi moja, mtaa mzima. Kuna familia ilihama ikaviacha, saizi ya mtu mzima, tukawa tunajaza soksi mbele. Sheria ilikuwa raundi moja, halafu unavua. Na anayefuata ndiye anakufungua kamba. Anapiga magoti pale pale kwenye lami anakufungua, kwa sababu ukiachiwa ufungue mwenyewe utajifanya kamba imeshika fundo. Dada yangu mkubwa ndiye alikuwa polisi wa hiyo sheria. Ukijaribu kuiba raundi ya pili unasikia sauti yake kutoka ng'ambo: "Vua! Vua, we mwizi!"

Kocha hatukuwa naye. Tulifundishwa na lami, na lami haina huruma.

Dada akaja huku kuwa nesi, na baadaye sana mimi nikamfuata. Tunakaa Selly Oak, katikati ya wanafunzi ambao sijui husoma saa ngapi. Asubuhi nilikuwa nafanya kazi kwenye ghala kule Aston, jioni naenda uwanja wa barafu kujifunza kusimama. Kwenye magurudumu unasimama kwa breki ya kisigino. Barafuni hakuna breki, kuna ukuta. Niligonga ule ukuta mpaka Mkongo mmoja anayeendesha mashine ya kulainisha barafu akaniita pembeni.

"Petit," akasema, yaani mdogo wangu kwa Kifaransa chao, "hii ukuta iko na makosa gani?"

Kepteni aliniona hapo hapo. Alikuwa ametoka mazoezini, jasho linamtoka kama chai, akasimama kuniangalia nikianguka. Badala ya kucheka akasema, "Mbio unazo. Kusimama tutakufundisha." Kesho yake akaniletea glavu zake za zamani, zinanuka kama kitu kilichofia kwenye begi, na akaniombea majaribio. Nilipochukuliwa akawa ananipitia nyumbani kwa gari kila siku ya mazoezi, na hakuwahi kunifanya nijione namsumbua. Aliniita "bab", kama watu wa huku wanavyomwita yeyote wanayempenda, hata dereva wa basi. Mimi nikamwita mzee. Nilipomweleza maana yake akalalamika, halafu akazoea.

Timu yenyewe ilikuwa ya kulipwa, ingawa wengi tulikuwa na kazi nyingine, na msimu uliotangulia ilimaliza ya mwisho kwenye ligi. Siku ya kwanza ya msimu mpya mwenye timu aliingia chumba cha kubadilishia na viatu vyake vizuri, akasema bila kuzunguka: tukimaliza wa mwisho tena, anafunga timu. Hakuna kuuza, hakuna kungoja mwaka mwingine. Nikamtazama kepteni. Alikuwa ameinama anaangalia kamba zake. Yule mtu hajawahi kuchezea timu nyingine. Baba yake alimleta pale kabla hajajua kutembea vizuri.

Sasa nikueleze kwa nini tulikuwa tunapigwa. Kwenye mchezo huu wachezaji wanabadilishana mechi ikiendelea, kikundi baada ya kikundi. Kikundi tunakiita laini. Unaingia, unakimbia kama umefukuzwa na mbwa, chini ya dakika moja unatoka, laini nyingine inaingia. Timu nzuri ina laini nne. Sisi tulikuwa na moja, ya kepteni. Wengine tulikuwa mabawabu, kazi yetu kumfungulia kepteni mlango wa benchi. Alikuwa akiingia hatoki. Kipindi cha kwanza anacheza kama simba, cha pili kama mtu, na cha tatu wapinzani wanampita kama kituo kisicho na abiria. Kila mechi tulikuwa tunafungwa mwishoni. Na kila mechi mashabiki walisema, maskini, anabeba timu peke yake. Hata mimi nilisema.

Basi akaletwa kocha mpya, Mfini mmoja asiyependa maneno. Tukadhani atanunua staa. Akaleta watu wanne ambao hata mama zao, nadhani, hawakuwa wanakuja kuwatazama. Mmoja alikuwa fundi wa boila, zile mashine za kupasha nyumba joto. Akatupanga laini nne, akatuwekea sheria ya filimbi yake: ikilia, unatoka, hata kama umebaki wewe na kipa. Mazoezi yote yalikuwa ni hayo. Kuingia, kutoka, kuingia, kutoka. Halafu akakata muda wa kepteni, nusu nzima ikaenda kwa laini ya tatu na yetu ya nne.

Mimi damu ilichemka. Mechi ya kwanza ya mpango huo tulifungwa, kepteni akiwa amekaa benchi dakika za mwisho, na tulipoingia ndani nikaipiga teke ndoo ya chupa za maji. Maji kila mahali.

"Huwezi kumkalisha huyu!" nikamwambia kocha. "Huyu ndiye timu!"

Kocha akanyanyua miguu yake isilowe. Akasubiri nimalize, na mimi nikianza simalizi haraka. Kisha akasema, "Dakika nilizomtoa yeye, nimempa nani?"

Nikainama kuiokota ile ndoo.

"Nimekupa wewe," akasema. "Nimefundisha nchi nne. Hajawahi kutokea mtu wa kunitukana kwa sababu nimemchezesha."

Chumba kizima kilicheka, kepteni hakucheka. Nje kwenye korido yule Mkongo alikuwa ameegemea mashine yake, amesikia yote. "Petit, weye uko avocat ya kepteni?" akaniuliza, yaani wakili wake. "Na yeye alikuajiri lini?"

Nilifika nyumbani bado nawaka. Dada alikuwa jikoni anasonga ugali na sare yake ya kazi bado mwilini. Nikamwaga yote. Nilitegemea aniunge mkono, maana naye anampenda kepteni. Akawa anageuza mwiko tu.

"Umemaliza?" akasema. "Sasa nisikilize. Mimi zamu yangu ikiisha, natoka. Namkabidhi mwenzangu wagonjwa, namwambia huyu amekula, huyu hajalala, naenda zangu. Nikikataa kutoka ili nionekane shujaa, asubuhi nitampa mtu dawa ya jirani yake. Huyo ndiye shujaa?"

"Hospitali si mchezo."

"Ndiyo nakuambia. Kwenye mchezo mnashindwa na jambo ambalo hospitali tunaliweza kila siku." Akapakua ugali. "Halafu wewe, nikuulize. Mtaani tulikuwa na jozi ngapi?"

"Moja."

"Na tulijua kuteleza watoto wangapi?"

"Wote." Nilikula kimya, na dada akasema leo ameona muujiza.

Lakini kulijua jambo ni kitu kimoja, kumwambia mzee ni kingine. Kocha alimwambia kwa filimbi, na kwenye mazoezi alitii. Kwenye mechi zikikaza, filimbi haipo, anasahau. Anabaki ndani. Laini zetu nyingine zilianza kushika moto. Yule fundi wa boila akawa anafunga magoli ya ajabu ajabu, tukapanda kidogo, tukashuka, tukapanda. Pointi zilizotupotea zilikuwa zile za mwisho wa mechi, kepteni akiwa hataki kutoka. Mpaka ikabaki mechi moja, sisi na timu iliyokuwa juu yetu kwa pointi moja. Tukishinda, wa mwisho ni wao. Tusiposhinda, hakuna timu.

Jumamosi hiyo alinipitia mapema. Tulikwama Kings Heath, barabara imejaa watu na mifuko yao ya sokoni, na sijui nini kilinifungua mdomo. Nikamsimulia ile jozi ya viatu. Maegesho, soksi, raundi moja, anayefuata anapiga magoti anakufungua kamba. Nikamwambia dada alivyokuwa anapiga kelele.

"Anasemaje?" akauliza.

"Vua."

"Fua."

"Hiyo ni kufua nguo, mzee. Vua."

Akairudia mpaka ikakaa. Taa ikawa kijani, hatukusonga. Halafu akasema, akiangalia mbele, "Unajua naogopa nini, bab? Siogopi nikitoka mfungwe." Akakuna usukani kwa kidole. "Naogopa nikitoka msifungwe."

Nikamwambia tu, "Mzee, hiyo ikitokea nitakununulia chipsi." Akacheka kidogo, gari nyuma yetu likapiga honi, tukaenda.

Mechi nitakueleza ya mwisho tu. Kipindi cha tatu, mbili kwa mbili, na sare haitusaidii. Dada yuko juu kwenye viti na wenzake wawili wa wodini, wamejifunga mablanketi kama wako kambini. Laini ya kepteni ikaingia. Dakika ikapita. Wenzake wawili wakatoka, yeye akabaki. Nikaona magoti yake yameanza kukaa mbali mbali, gongo limekuwa la kuegemea. Benchi zima likaanza kumwita kwa Kiingereza, toka, toka, na yeye hasikii, au anasikia. Wapinzani wakaipata paki, kile kisahani cheusi cha raba tunachogombania, wakampita kushoto. Kipa akaokoa na goti. Kocha amekunja mikono kifuani.

Nikapanda juu ya benchi. "Mzee!" nikapiga kelele. "Vua! Vua, we mwizi!"

Na kutoka juu kwenye viti, naapa, sauti nyingine ikaniitikia, ile ile ya ng'ambo ya maegesho. "Vuaaa!"

Akageuza kichwa. Kwa umbali ule nikaona amecheka ndani ya kofia. Akaja mlangoni kama mtu anayepanda ngazi, na mimi nikaruka ukuta kabla hajaingia vizuri.

Nisikudanganye, sikufunga goli. Nilikimbiza paki mpaka kwenye kona, nikabamizwa na jitu moja ukutani, ukuta wangu wa siku zote, lakini sikuiachia. Nikampa mwenzangu, nikatazama benchi, nikatoka. Ilikuwa zamu fupi kuliko zote nilizowahi kucheza. Laini ya tatu ikaingia na miguu mipya, wapinzani wamechoka kwa kutukimbiza, na fundi wa boila akaisukuma ndani kwa namna ambayo hata yeye hakuielewa. Tatu kwa mbili.

Dakika ya mwisho kocha akamgusa kepteni begani. Alikuwa amepumzika. Aliingia akiwa simba tena, akajilaza mbele ya shuti mbili, na kengele ikalia.

Watu walilia. Mwenye timu alikumbatia mtu ambaye sidhani alimjua. Chumbani kulikuwa na kelele mpaka huwezi kusikia mawazo yako, na kepteni alikuwa amekaa pembeni na viatu bado mguuni. Ile shuti moja ilimpiga mkono, vidole vimevimba, havishiki kamba. Anajaribu, vinakataa, anajaribu.

Nikapiga magoti kwenye sakafu ya raba nikaanza kumfungua.

"Wacha, bab. Watu wanaona."

"Waone."

"Miguu inanuka."

"Mzee, nimevaa glavu zako mwaka mzima."

Nikavuta kiatu cha kwanza kikatoka. Akanyoosha vidole vya mguu, akafumba macho. Nikashika cha pili.

"Mlipata lile goli mimi nikiwa nimekaa," akasema.

"Ndiyo."

Nikaendelea na fundo, lilikuwa limekaza kweli. Kisha akanigusa kisogo na ule mkono mzima.

"Basi chipsi," akasema. "Na samaki. Ulisema mwenyewe."