Uso wa Nyuma wa Karatasi

Dirisha la chumba cha majaribio alilipigilia misumari mjomba mwenyewe. Upepo, alisema, hukausha wino kabla ya wakati wake, na karatasi mbovu ikapata sifa isiyostahili. Ndani mlikuwa na meza, taa, kikombe cha kuoshea nibu za kalamu, na ukuta uliobandikwa vipande vya karatasi vyenye mistari ya wino, vingine vya zamani hadi vimekuwa na rangi ya chai. Humo ndimo Mashoto alimofanyia kazi tangu alipomaliza shule. Aliingia akiwa msichana anayebadilisha mtindo wa nywele kila wiki. Sasa alivaa miwani, na nywele alizifunga kitambaa tu.

Karakana ya mjomba ilitengeneza madaftari na diari za watu ambao bado wanaandika kwa kalamu ya wino: mawakili, walimu wakuu, wastaafu wanaoona bolpeni ni ya kuandikia orodha ya sokoni. Kalamu ya wino ina deko. Karatasi inayoipokea bolpeni bila neno inaweza kuikataa hiyo: herufi zikaota vinyweleo, au wino ukatokea upande wa pili kama jasho kwenye shati, au ukabaki umelala juu, mbichi, ukimsubiri atakayeupitishia mkono.

Mkono huo ulikuwa wa Mashoto. Anayeandika kwa kulia huyaacha maneno nyuma yake yakauke kwa amani. Yeye aliandika kwa kushoto, na kiganja chake kilikanyaga kila neno alilotoka kuliandika. Siku mjomba alipouona ukingo wa kiganja hicho umekuwa bluu, alicheka hadi akakaa chini. "Mungu kanipa kipimo!" alisema. Tangu siku hiyo kipimo hakikutoka chumbani.

Hakuteswa. Mama yake alipofariki, mjomba ndiye aliyemlea, akamsomesha, na hajawahi kumpandishia sauti. Hapo ndipo kamba ilipokaza. Mtu akikufungia kwa ubaya utavunja mlango, lakini akikufungia kwa wema utaanza wapi?

Halafu rafiki yake wa zamani, aliyewahi kushona madaftari hapo karakana na sasa anafundisha katika chuo cha ufundi mji mwingine, akampigia simu. Chuo kilitaka mwalimu wa kujalidi vitabu.

"Nafasi ipo, lakini haitakungoja hadi uote mvi."

"Nilishaota, shoga yangu. Kitambaa ndicho kinachonisitiri."

Mashoto alipomweleza habari ya chuo, mjomba alimsikiliza, akavua kofia, akaivaa tena. "Siwezi kukufunga, mpwa wangu. Nipatie tu wa kukaa pale kwenye kiti, uende na baraka zangu zote." Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba watu wa mkono wa kushoto wenye jicho la karatasi hawaokotwi njiani.

Alisahau aliye nyumbani kwake. Binti yake wa mwisho, ambaye wote walimwita Kitinda, alikuwa amemaliza masomo na hajapata kazi, na alikula, alishona na kuandika kwa kushoto. Mashoto alimng'ang'ania. Alimfundisha kuijaza kalamu bila kuchafua vidole, kuandika bila kukandamiza, kupitisha kiganja, kuinua karatasi mbele ya taa. Na jambo la kwanza kuliko yote: kugeuza. Karatasi ina nyuso mbili, na mara nyingi uso wa nyuma una tabia zake. Mwenye diari ataandika kote kuwili.

"Dada, mimi sifai," Kitinda alisema zaidi ya mara moja. "Mwambie baba sifai."

"Una mkono mzuri. Shika kalamu."

Siku ya kuchagua karatasi ya diari za mwaka mpya, mjomba aliingia na simu mkononi, tayari kuagiza. Mjalidi mkongwe waliyemwita Gundi, kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata, alichungulia mlangoni. "Haya, nani kafaulu mtihani leo?"

Mezani palikuwa na karatasi tatu. Nyeupe nzito ilikuwa imeotesha vinyweleo. Nyembamba ilikuwa imeukatalia wino kukauka, na kiganja cha Kitinda kilikuwa kimeuburuta mpaka ukingoni. Ya rangi ya krimu ilipendeza mno: mistari myembamba, safi, mikavu.

"Hii," Kitinda alisema bila kumtazama mtu.

"Umeiona?" mjomba alimwambia Gundi, uso umemng'aa. "Mtoto kamrithi bibi yake, mkono wa kushoto na jicho." Akamgeukia Mashoto. "Unasemaje, mwanangu? Niagize, wewe ukafunge mizigo?"

Mashoto aliliona basi la kwenda chuoni. Aliliona darasa, wasichana wameinamia sindano na uzi, na yeye akitembea kati yao kutoka upande huu wa chumba hadi ule. Alichotakiwa kusema ni "agiza" tu. Lakini macho yalikuwa yameshashuka mezani, na karatasi zote zilikuwa zimelala uso mmoja juu.

Mkono ukaigeuza ile ya krimu. Nyuma ilikuwa tupu. Akachukua kalamu, akaandika mstari. Wino ukatawanyika taratibu, ukatoa mizizi kila upande.

"Mjomba, usiagize."

Mjomba alishusha simu. Alijitahidi kusikitika, lakini mabega yake yalitulia. "Ah. Basi tutaona mwakani." Akamshika bega, akatoka. Gundi alimfuata bila mzaha wowote.

Walibaki wawili.

"Ulisahau kugeuza," Mashoto alisema.

"Sikusahau, dada."

Mashoto aliiweka kalamu mezani.

"Na kama ningenyamaza?"

"Ningekuwa mimi humu mpaka nizeeke." Kitinda alikuwa analia, lakini sauti haikutetereka. "Nilijua huwezi. Karatasi mbovu ikupite hivihivi? Wewe?"

"Umeniuza, mtoto wa mjomba."

"Nilikuomba uniache, ukasema nina mkono mzuri. Hata baba alikuambia hivyohivyo."

Mashoto angependa kuamini kwamba alisema kwa kumhurumia binti wa watu, lakini hakuwa amemfikiria hata kidogo. Alikuwa ameifikiria karatasi.

Jioni rafiki yake alipiga simu. "Niambie, unakuja au huji? Mkuu wa chuo ananiuliza."

"Huko," Mashoto alisema, "wanafunzi wanajalidi karatasi ya namna gani?"

"Namna gani vipi? Yoyote inayoletwa. Karatasi ni karatasi, shoga!"

Mashoto alikitazama kiganja chake, ukingo ukiwa bado wa bluu.

"Haloo? Unanisikia?"

"Nakusikia. Wampe nafasi mtu mwingine."