Kocha Kuri Afiwa Wiki ya Mechi

Tatsuya Kuribayashi alicheza beki wa kati kwa miaka kumi na mitatu katika madaraja ya chini ya Japani, na miaka hiyo yote alifunga bao moja, langoni mwake mwenyewe. Siku ya mazishi ya baba yake alicheza dakika tisini, na mwenye timu akamsifu mbele ya wenzake. Goti lilipokataa, akasomea ukocha. Kwao hakupata timu. Rafiki yake aliyeuza vipuri vya malori Kolwezi, Kongo, alimwandikia kwamba kuna klabu mtaa wa Manika inatafuta kocha, uwanja hauna nyasi. Akaja kwa miezi sita. Huu ulikuwa mwaka wa tano.

Manika walimwita Kocha Kuri, kwa kuwa jina zima lilimaliza pumzi. Wachezaji wake wengi walishinda mashimoni wakichimba shaba na kobalti, na jioni walifika mazoezini na vumbi kwenye nyusi. Aliwafundisha alichokijua: kusimama mahali pako na kutohama. Kwa hiyo Étoile ya Manika haikufungwa sana, wala haikufunga. Ilibaki mechi moja, Jumapili, na watu wa Fungurume. Wakitoka sare wangebaki katika daraja lao, wakifungwa wangeshuka.

Alhamisi nahodha Badibanga alimwuliza mbona macho yake mekundu. Kuri, akipanga koni, alijibu kwamba mama yake alikufa Jumanne. Kisha akapuliza filimbi. Hakuna aliyekimbia. Badibanga alikuwa amekaa chini, anavua viatu.

"Mama alikufa mardi, na leo jeudi unatukimbizisha?"

"Jumapili tuna mechi."

"Uko na kilio, kocha. Mechi ni ya wengine."

Kabla jua halijazama turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba yake na viti vya plastiki vya parokia vimefika. Kitanda chake kilitolewa nje ili wanawake watandike mikeka. Waliuliza kwanza jina la marehemu, wakaambiwa ni Fumiko, ndipo wakaanza kumlilia Mama Fumiko kama mtu waliyepakana naye ua. Walipotaka kujua atazikwa lini, Kuri alieleza kwamba amekwisha kuchomwa huko Japani, kwa desturi yao, asubuhi ile ile. Mama Godelieve, rais wa klabu, alimwomba kwa upole asirudie maneno hayo mbele ya watu.

Ijumaa mama huyo alikwenda kuomba mechi isogezwe. Wakubwa wa ligi walitaka cheti cha kifo. Kilikuwepo, picha kwenye simu, kwa Kijapani. Waliigeuza simu pande zote mbili kwa heshima, wakakataa.

Kuri aliona jambo ni jepesi: angetoka saa tisa, angerudi saa kumi na moja, na viti vingemngoja. Alimweleza Mama Godelieve hivyo Jumamosi.

"Tata Kuri, hakuna mutu atakukataza. Lakini mwenye kilio akienda ku mpira, sisi tulikuya kumulilia nani?"

Jumapili wachezaji walipita mmoja mmoja kumshika mkono, tayari wamevaa jezi. Alimwambia Mwamba, beki wake wa kati, asimfuate namba tisa. Kisha akakaa.

Uwanja ulikuwa mitaa miwili kutoka pale. Bao la Manika lingeleta kelele za mtaa mzima. Alisikia kelele ndogo, za watu waliosafiri kwa basi moja. Aliinuka kitini, akakaa tena. Baadaye alizisikia tena. Ndani, mwanamke mmoja alikuwa akimwuliza Mama Fumiko kwa nini amemwacha mtoto peke yake nchi ya mbali, na Kuri, aliyekuwa na miaka arobaini na sita, akainama akaanza kulia. Alilia vibaya, kama mtu asiye na mazoezi.

Bado alikuwa akilia timu zilipofika, zote mbili, na jasho lao. Mpoyi, kocha wa Fungurume, alimpa pole ya mama, akatafuta kiti. Hakuna aliyetaja mpira. Badibanga alikaa karibu yake.

"Mbili?" Kuri aliuliza.

"Mbili. Lia, kocha."

Dereva wa basi la Fungurume alipiga honi, akangoja, akapiga tena. Hakuna aliyesimama.