Kope za Heshima

Nilikwenda Dodoma kwa sababu kope zangu zilikuwa hazinyanyuki tena. Ugonjwa huu wa misuli ulianza taratibu mwaka ule ule nilioolewa hapa Kondoa. Mama mkwe aliponiona nainamisha macho kila nikimwamkia, akawaambia majirani amepata mkamwana mwenye haya. Sikumsahihisha. Sifa ni tamu jamani. Kwa miaka minane niliitwa hata kwenye harusi za watu, niwaonyeshe mabibi harusi namna ya kutazama chini mbele ya wakwe.

Saa kumi na mbili asubuhi basi lilitoka stendi. Mama mkwe nilimuaga kwa uongo, kwamba namtembelea shangazi tu. Dirishani niliona nusu ya chini ya dunia, kama kawaida yangu: vumbi jekundu, miguu ya mbuzi, madumu ya maji yamepangwa njiani. Kusinzia na kuwa macho havikupishana sana. Chemba ikapita, Mayamaya ikapita, na sijui ni ipi niliiota.

Kabla ya adhuhuri nilikuwa Nkuhungu, mtaa wa Dodoma, kwa shangazi Mwajuma, dada yake baba. Alinikaribisha kwa ugali na mlenda, nikamweleza yote.

"Yaani miaka minane unasifiwa ugonjwa?" aliuliza, akacheka mpaka akaweka tonge chini.

Nilicheka naye, kisha nikalia. Niliogopa kwamba siku nitakayonyanyua macho, mama mkwe atajua nilimdanganya, na yule mkamwana anayempenda atakuwa hayupo tena.

Kesho yake asubuhi, kliniki, daktari wa macho aliuliza habari za vidonge vya misuli ninavyomeza, akanidondoshea tone moja kila jicho, akaniambia nikasubiri kwenye benchi la nje. Nikakaa. Kidogo kidogo ukuta wa mbele yangu ukaanza kurefuka. Likaja dirisha, likaja paa, na juu ya paa likaja anga la Dodoma, pana, halina hata wingu. Nilikuwa sijaliona bila kuinua kidevu tangu usichana wangu. Nikaogopa hata kupepesa.

"Hii haiponyi," daktari alisema aliponiita tena. "Inanyanyua kope kwa saa chache tu. Vidonge usiache. Na ukishindwa kumeza au kupumua, usingoje, wahi hospitali."

"Saa chache zinanitosha, daktari."

Siku ya tatu nikarudi na kichupa cha matone alichonipa. Basi liliposimama Chemba nilidondosha matone, nikafumba macho, nikasoma dua mpaka usingizi ukanichukua. Nilipoamka, vilima vya Kondoa vilikuwa na vilele.

Mama mkwe alikuwa uani anapepeta uwele. Nikapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Shangazi hajambo?"

Miguu yake niliijua, kila ufa wa kisigino. Safari hii nilimtazama usoni. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyodhani, na jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu mweupe katikati. Maneno yote niliyoyapanga njiani yakanipotea.

"Mama, jicho hili limeanza lini?"

Ungo ukasimama mikononi mwake. "Siku nyingi."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wanangu wako mbali, mumeo akiwemo. Na nyie wakamwana mna heshima, hamnitazami."

Hapo nikamweleza kila kitu, ugonjwa, sifa na matone. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu upande wa jicho lake zima, akanitazama kwa muda.

"Kumbe una macho makubwa hivi," alisema.

Nilikuwa nikiringia heshima ambayo haikumsaidia mtu, na huku mama anapofuka mbele yangu. Hilo ndilo nililoliona niliporudi, na linaniuma bado. Daktari akipenda, ukungu huo, yaani mtoto wa jicho, utatolewa. Wiki ijayo tunakwenda Dodoma wawili. Nitakaa kushoto kwake, nimsimulie ya upande huo mpaka matone yaishiwe nguvu. Baada ya hapo atanisimulia yeye.