Mwaka Dada Alipoanikwa Ziwani

Nafasi kwenye cherehani ya shangazi ilikuwa yangu. Nilishaahidiwa. Shangazi alikuwa ameolewa chini ziwani, na tangu mitumba ianze kumwagika mpaka kwetu, kazi ya kupunguza nguo ilikuwa imemzidi. Makoti makubwa kama mahema, suruali za watu wenye viuno vya mapipa, yote aliyakata yakawaenea watu wa huku. Alipokuja Mbinga kwenye arusi aliniona nikishona kifungo cha shati la baba, akasema, "Huyu nipeni mimi. Mkono wake mwepesi." Baba akakubali: msimu wa kahawa ukiisha, nitashuka.

Mimi niliishia darasa la saba. Aliyefaulu kwenda sekondari ni dada yangu. Sikunung'unika, nilibaki na ndoto zangu, na nilikuwa nazo nyingi: kibanda cha bati, kibao cha rangi ya samawati mlangoni, mimi ndani na tepu shingoni, wateja wamejaa kwenye benchi wananisubiri.

Kahawa haijaisha, dada akaanza kuumwa jicho. Akawa anaona nusu. Jicho likapona, ikaja ganzi kutoka vidole vya miguu hadi kiunoni, akawa anatembea kama anakanyaga matope ambayo sisi hatuyaoni. Majirani wakasema karogwa kwa sababu ya kusoma. Baba akampeleka hospitali ya misheni, nao wakampeleka mbali zaidi, akarudi na jina la ugonjwa ambalo mpaka leo nalitamka polepole: maltipo sklerosisi.

Siku daktari alipotueleza nilikuwepo, nimeshika chupa ya uji.

"Mwili una askari wake wa kukamata vijidudu," alisema. "Kwa huyu binti, askari wamewageukia wenye nyumba. Wanachubua utando wa mishipa ya fahamu, kama waya uliochubuka ganda."

Alimwekea dripu siku kadhaa kuwatuliza hao askari, miguu ikaanza kurudi. Alisema Ulaya kuna sindano za kuchoma miaka na miaka ili kinga isiamke tena kwa fujo, lakini hajui pa kuzipata huku. Halafu akataja vitamini D. Wengi wenye ugonjwa huo wanapungukiwa nayo. "Sisemi inaponya, wataalamu bado wanatafuta. Lakini mwili huitengeneza jua likigusa ngozi. Apate jua kidogo la asubuhi. Na samaki."

Baba aliyabeba maneno mawili tu: jua, samaki. Na kwetu mwezi wa Juni ukungu unalala juu ya mibuni mpaka saa nne.

"Atakwenda kwa shangazi yake," akasema tulipofika nyumbani.

"Na mimi?" nikauliza.

"Shangazi yako ana kitanda kimoja cha wageni. Wewe una miguu. Utakwenda mwaka kesho."

Nilikwenda kuparura kahawa iliyoanikwa, nikaiparura kwa hasira mpaka mama akanigombeza.

Miezi ile nilijifunza wivu vizuri kuliko nilivyojifunza hesabu. Kila mchuuzi aliyepanda kutoka ziwani alileta habari za dada. Dada amenenepa. Dada anakula samaki aina ya mbasa, wa kuchoma. Dada kafundishwa kukanyaga cherehani siku miguu inapokubali. Hiyo ya mwisho nilikwenda kuilia bondeni. Ninampenda dada yangu, lakini siku ile, Mungu anisamehe, niliutamani ugonjwa wake. Niliona mtu akiugua sawasawa anapewa kila kitu.

Oktoba shangazi akatuma salamu: usipa wametoka wengi, mikono haitoshi, nipeni yule mdogo kwa wiki mbili. Nikashuka naimba.

Usipa ni samaki wadogo kama kidole, wanaanikwa ufukweni na kugeuzwa mpaka wakauke. Niliwakuta wametandazwa, wanameremeta, na katikati yao, juu ya mkeka, kakaa dada.

"Shikamoo dada!"

"Marahaba, fundi wangu," akasema. Neno hilo likanichoma, ingawa alilisema kwa mapenzi.

Shangazi alikuwa amelichukulia jua kama kazi yake nyingine. Asubuhi alimtoa dada na usipa pamoja, jioni akawaingiza pamoja. "Sasa mgongo," alimwambia kila baada ya muda, na dada akageuka. "Dawa ni jua, basi alipate lote. Hapa tunalo la kugawa."

Nilikaa siku tatu nikitazama. Asubuhi dada alinyanyuka mwenyewe, akaenda hadi majini, akanawa, akarudi akiwatania wavuvi. Ikifika saa sita anaanza kuita. Niletee maji. Nishike mkono. Miguu imekataa. Jioni upepo ukipoa, miguu inakubali tena. Nikajisemea: dada anajua kuigiza. Ana miguu ya asubuhi, na mchana ana mimi.

Siku ya nne shangazi alikwenda sokoni. Saa saba dada akaniita. "Nisogeze kivulini, mdogo wangu. Jicho linapotea tena."

"Asubuhi ulitembea," nikasema.

"Asubuhi niliweza."

"Basi weza na sasa. Kivuli kile pale."

Nikampa mgongo, nikaendelea kugeuza usipa. Nilimsikia akijaribu. Nilisikia magoti, halafu viganja, halafu sikusikia kitu. Nilipogeuka alikuwa kalala kifudifudi kwenye samaki, mchanga mdomoni, hata kichwa hakiinui.

Wavuvi wawili walimbeba hadi zahanati. Mganga alimfunika kanga mbichi, akamnywesha maji, shangazi akafika mbio na cheti cha hospitali, mganga akakisoma.

"Alikuwa wapi huyu?"

"Juani," shangazi akasema. "Ni dawa yake."

"Mama, nani aliwaambia binadamu huanikwa? Ugonjwa huu mwili ukichemka mishipa inashindwa kupeleka habari. Ukipoa inarudi. Jua la asubuhi kidogo linamtosha. Hata huko kwenu juu lipo."

Nilitamani kuingia chini ya meza. Nyumbani kila saa sita kazi yangu ilikuwa kuifunika kahawa kwa mikeka, maana jua la mchana linapasua punje. Kahawa niliifunika.

"Nani alikuwa naye?" mganga akauliza.

Dada akafumbua macho. "Nilimwambia aniache. Nilitaka jua zaidi."

Alidanganya kwa ajili yangu. Na mimi, badala ya kushukuru, nikamwonea wivu tena: hata moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu.

Ikaamuliwa dada arudi Mbinga kwenye baridi. Nafasi ikawa wazi. Shangazi akanivutia kiti. Nilikaa, nikaweka mguu kwenye pedali, nikashindwa kukanyaga.

"Shangazi, aliniomba nimsogeze. Nikakataa."

Akanitazama. "Makusudi?"

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya mashine hii?"

"Ndiyo, shangazi."

Akachomoa uzi kwenye sindano. "Mimi nimemwanika miezi minne kwa mapenzi. Sijui tutapimwaje mimi na wewe." Akafunika cherehani. "Utapanda naye. Mama yako hajui saa zake, wewe sasa unazijua. Mashine haina miguu. Siku utakayonitumia habari kwamba anajimudu, uje."

Tukapanda lori la usipa saa mbili asubuhi. Dada akawekwa mbele na dereva, kama bibi arusi. Mimi juu ya magunia, na mama mmoja mchuuzi. Nikaanza kununa: hata lori linampenda.

Tulipoanza milima nikakumbuka kwamba injini ya lori lile iko chini ya viti. Nikapiga bati la paa kwa ngumi mbili mpaka dereva akasimama. Dada alikuwa kalowa jasho, miguu yake imeshalegea.

"Umejuaje?" akauliza.

"Shuka, usiulize."

Tulimpandisha juu ya magunia, kwenye upepo, mchuuzi akamkumbatia kiunoni. Nikalowesha kanga yangu kijitoni, nikamtupia kichwani. Mimi nikakaa mbele, mahali pale pazuri. Palikuwa na joto la kukaangia karanga. Huku nyuma nikamsikia dada anacheka na yule mama, wanaonyeshana ziwa lote kutoka juu, na mimi mbele yangu ni kioo chenye vumbi.

Nikamwonea wivu mpaka Mbinga. Kila tulipokuta maji nilimsimamisha dereva.