Mguu wa Kakangu na Kikombe Chao

Kikombe chenyewe wala hakikuwa cha fedha. Kilikuwa bati lililopakwa rangi, sikio moja limekaa upande. Lau ningekitia mkononi ningekwenda nacho Kibarani kwa miguu yangu, nikakitupe majaani pamoja na mifupa ya papa. Lakini mwenyekiti wa klabu alikiweka kabatini kwake, akikifuta vumbi kila Ijumaa, na kakangu hakuna aliyemuuliza hali.

Kakangu alikuwa beki. Watoto wa siku hizi wanajua wafungaji tu, lakini katika miaka ile ya vita, pale mtaani kwetu Mji wa Kale, bila yeye klabu ile ingekuwa kichekesho. Baba yetu alikuwa ameshafariki. Kakangu alikuwa hamali bandarini, Kilindini, na mimi na mama tulikula kwa nguvu ya mabega yake na miguu yake. Nayataja haya mapema ili mjue walikuwa wanachezea nini, wale wazee wa klabu.

Wanawake hatukuwa tukienda uwanjani. Mimi nilikwenda. Nilijitia ndani ya buibui la mama nikabaki macho tu, nikasimama ukutani karibu na wauza bajia. Ndipo nikamjua kakangu upya. Hakuwa akimtazama mtu mguu, kwa kuwa mguu wa mshambuliaji huenda huku na mwenyewe akaenda kule. Alimtazama kiuno, akangoja, halafu akaunyang'anya mpira kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Siku waliyocheza na mabaharia wa manowari, Wazungu wale walikuja na viatu vyenye vyuma chini, na watu wetu miguu mitupu. Jitu moja lenye shingo nyekundu lilimjia mbio, na watu wakafumba macho. Kakangu hakurudi nyuma. Alikaza bega, jitu likaanguka chali, na mpira ukabaki pale pale miguuni pake. Nilipiga kigelegele nikasahau kwamba nimejificha. Na baada ya mchezo nani alibebwa? Mfungaji! Mchana kutwa alikuwa akizurura tu, mpira ukamgonga gotini kwa bahati ukaingia. Huyo ndiye aliyepewa kanzu ya melimeli, wakati ambao nguo ilikuwa ya kibali, akaalikwa biriani huku na huku. Kakangu alirudi nyumbani kunywa chai ya mkandaa, isiyo na tone la maziwa.

"Wacha wee," aliniambia nilipolalamika. "Mimi nachezea mtaa."

Haya, ikaja fainali, sisi na mtaa wa pili. Desturi ilikuwa kwamba wiki ya fainali wachezaji wafungiwe nyumbani kwa mwenyekiti, walale huko, wale huko, na mtu wa upande mwingine asiwaguse miguu. Mguu ukishikwa na mkono wa mpinzani, basi umerogwa. Siku ya mchezo utakuwa mzito hauinuki. Hayo mtaa mzima uliyaamini, hata waliokwenda skuli. Chakula nacho hupikwa na mwanamke mmoja anayeaminiwa. Wakanichagua mimi, kwa kuwa ni nduguye beki. Kila siku nikipika, nikibeba sinia mpaka pale, nikiliweka barazani na kubisha mlango, kisha nikiondoka.

Siku moja katikati ya wiki nilibisha, na aliyefungua ni kakangu mwenyewe, ameshika ukuta.

"Una nini?"

"Tumegongana mazoezini. Goti limevimba kidogo."

Kidogo! Lilikuwa boga. Niliweka sinia chini nikaingia ndani bila hodi. Mwenyekiti alikuwa ameketi na wazee wenzake wanakunywa kahawa. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo, mtu wa heshima zake, ndevu ametia hina.

"Bwana, sabalkheri," nikasema. "Kakangu apelekwe hospitali sasa hivi."

"Sabalkheri, mwanangu. Hospitali haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Dresa anayefunga mifupa pale ni mtu wa mtaa wa pili. Kila mechi yuko mbele ya washangiliaji wao na firimbi yake. Wataka tumpelekee mguu wa beki wetu mkononi?"

"Yule kazi yake ni kutibu watu!"

"Mwanangu, tulia. Fainali ikimalizika nitampeleka mimi mwenyewe, kwa gari langu."

"Na mguu ukiharibika, nani atakwenda bandarini kubeba magunia? Wewe?"

Wazee walicheka. Ndiyo, walicheka. Mmoja akasema, "Huyu mtoto wa kike ana ulimi." Nikamgeukia kakangu nikidhani atasema neno, yeye akaangalia chini. "Dadangu, nyamaza," akasema. "Nitacheza." Wakampaka mafuta ya nyonyo, wakamfunga kitambaa na hirizi, basi. Nikarudi nyumbani na hasira zangu.

Akacheza. Wallahi alicheza! Aliburuta mguu ule mchana mzima na bado hakuna aliyempita. Sisi tulikuwa mbele kwa bao moja. Mwisho mwisho mshambuliaji wao alitokea peke yake, kipa ameshaanguka, lango liko wazi. Kakangu alijitupa na mguu ule ule mbovu. Mpira ulitoka nje, na goti niliona kwa macho yangu likienda upande usio wake.

Firimbi ya refa ikalia. Ebo! Watu waliingia uwanjani kama nzige. Wakambeba mfungaji, wakabeba kikombe, wakambeba na mwenyekiti, wakatoka na matari kupitia Mwembe Tayari kuelekea mjini. Gari la mwenyekiti lilikuwa nyuma yao likipiga honi. Uwanjani akabaki kakangu, ameuma kitambaa cha shati lake, na mimi nimepiga magoti karibu yake na buibui limenianguka mabegani.

Aliyekuja alikuwa yule dresa. Timu yake imeshindwa, firimbi bado iko shingoni, amevuka uwanja mzima peke yake. Aliwaita wauza bajia, wakatafuta mkokoteni, wakamlaza kakangu juu ya magunia. Dresa mwenyewe alishika mti wa mbele akauvuta mpaka hospitali. Huko akalifungua lile goti akalitazama.

"Hili halikuumia leo," akasema. "Mbona hamkuja?"

Nilimwambia sababu. Nilimwambia hivyo hivyo, bila ya kuficha. Alisema "La haula" polepole, akaendelea kukata bendeji.

Goti lile halikukunjika tena. Bandarini kazi yake alipewa mtu mwingine. Mwenyekiti hakuja hospitali, hakuja nyumbani, wala hakutuma salamu. Alichotuma ni ujumbe kwangu. Kikombe kitafanyiwa karamu mbele ya nyumba yake, na mimi niongoze vugo, kwa kuwa sauti yangu ilijulikana. Vugo ni ngoma yetu wanawake. Tunagonga pembe za nyati kwa vijiti, kiongozi hutoa maneno na wenziwe humjibu. Mama alisema nisiende. Nilikwenda.

Ilikuwa baada ya Alasiri. Kikombe kilikuwa juu ya meza, kimetandikiwa kitambaa cha kufuma. Mfungaji alikaa kulia kwa mwenyekiti na kanzu yake ya melimeli. Nikashika pembe yangu nikaimba:

"Kikombe mwakisugua, goti nani alisugue?
Mwatajana mlobebwa, mlomwacha mumtaje!"

Nikaimba tena, kwa sauti zaidi, nikimtazama mwenyekiti ndani ya macho. Basi mwanamke mmoja akagonga, na mwingine, wote wakajibu, na maneno yakaenda mpaka mwisho wa uchochoro. Mwenyekiti aliinuka akaingia ndani. Sijutii hata neno moja. Ningalipata ubeti mkali zaidi ningaliuimba.

Nilirudi nyumbani mwepesi, nikitaka kumhadithia. Kakangu alikuwa ameketi dirishani, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Alikuwa amesikia yote. Nilidhani atacheka.

"Kwa nini umefanya hivyo?" akaniuliza. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Walikuacha chini kama gunia!"

"Walikuwa wamesahau kwa furaha tu. Msimu ujao wangeniita." Alilishika lile goti kwa mikono miwili, akajaribu kulikunja mbele yangu, likakataa. "Sasa hawataniita tena."

Nilimwekea chai, nikatoka ukumbini nisije nikamjibu. Msimu ulipofika, alivaa shati la klabu akakaa barazani tangu asubuhi, kusudi wapitao waone yuko tayari.