Ndege ya Mumbai

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Zamu hakunionyesha ndege. Alinikabidhi uzi wa kushonea na tufe la dunia, akaniambia nipime kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai.

"Vuta, binti, usiulegeze. Uzi unapokaza ndipo njia fupi ilipo. Ile ramani ya ukutani itakudanganya."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu: mpangaji wa safari za ndege. Kabla rubani hajapanda, sisi tulikuwa tumeshakadiria umbali, upepo na mafuta. Umbali wa kuvuka bahari ile haubadiliki. Muda ndio kigeugeu. Upepo ukikusukuma mgongoni unafika mapema. Ukikukabili usoni, saa sita zinapita na bado uko juu ya maji. Ndiyo maana kila ndege hubeba mafuta ya akiba. Kompyuta zilipokuja, uzi ukatupwa kabatini, lakini upepo ulibaki na tabia zake.

Nilihamishiwa Mwanza, kisha nikarudi Dar chini ya Mkaguzi wa Safari, mtu asiyejua kucheka. Meneja mmoja alipotaka tupunguze muda kwenye mpango ili kuwavutia abiria, Mkaguzi alimjibu mbele yetu sote: "Muda ni amana. Kuna mtu anausubiri huko chini." Maneno hayo yalinikaa moyoni, na siku moja yakaja kunidai.

Mume wangu Athumani alipelekwa Mumbai kutibiwa moyo. Akafia hukohuko. Siku ya kurudishwa maiti, shemeji yangu Salumu alinijia nyumbani, Gongo la Mboto.

"Pole, shem. Haya mambo wewe ndo unayajua. Ndege ishaondoka huko, sasa itatua saa ngapi? Ikiwahi alasiri, sie tunamtoa uwanjani moja kwa moja mpaka msikitini, tunazika kabla ya magharibi. Ikichelewa, atalala hapa nyumbani, tuzike kesho."

Nikapiga simu ofisini, wakanisomea upepo. Ulikuwa wa mgongoni.

Kwetu wanawake hatuendi kuzika. Usiku mmoja nyumbani ndio ungekuwa wangu: nimwone uso, nikae naye, nimwambie yaliyobaki. Ningesema ndege itachelewa, nani angenibishia? Mpaka waje kugundua, kaburi halijachimbwa na jua limeshazama. Niliutaka usiku ule, wallahi, kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Salumu alikuwa amesimama mlangoni akisubiri.

"Alasiri," nikamwambia. "Chimbeni."

Alasiri ile nilikuwa uani na wanawake wenzangu ndege ilipopita juu ya bati, imeshateremsha magurudumu. Wao waliendelea na uradi. Mimi niliinua uso nikaitazama mpaka ikapotea nyuma ya nyumba za jirani. Walimzika kabla ya magharibi, kama ilivyotakiwa.

Watu husema sikuwahi kukosea. Nimechoka kusifiwa kwa hilo. Nilifanya sawa, najua, na bado roho inaniuma.

Sasa nimestaafu, magoti yananisumbua, na wanangu wananibembeleza nihamie Chanika. Kiwanja kipo, kumetulia, hakuna kelele za ndege. Kila mara nawajibu bado. Ndege ya Mumbai ikipita, naacha nilichoshika, natoka uani.