Fulana ya Tairi la Jokofu

Tena wasisingizie barabara. Njia ya mlimani ina mawe tangu dunia iumbwe, na watu wanapita. Wale wanaokaa kwenye ngazi za duka wakimcheka Jokofu kila akipita anasukuma baiskeli, hao ndio wa kuulizwa, na tutafika kwao. Kwanza mjue wanamcheka nani.

Jokofu ni yule kijana mrefu mwenye sanduku jeupe la barafu nyuma ya baiskeli. Jina kabandikwa na watoto wa mtaa kwa ajili ya hilo sanduku, likamganda mpaka mkewe anamwita hivyo. Ndani hamna aiskrimu, ingawa hakosi mjinga wa kumuuliza. Mna damu za watu. Zahanati iko juu mlimani, maabara iko chini mjini kwenye hospitali kubwa, na njia ya mkato inayoziunganisha gari haipiti. Asubuhi sista wa zahanati akishawatoa wagonjwa damu, anapanga vichupa, Jokofu anafunga sanduku kwa kamba za mpira, anashuka. Barafu ikiyeyuka kabla hajafika, damu imeharibika, na mgonjwa anachomwa upya.

Na siku hizo ilikuwa inaharibika. Pancha juu ya pancha. Akiziba leo, kesho tairi limelala tena kama mlevi, katikati ya mlima, hakuna fundi wala kivuli. Mtu anaziba huku jua linakula barafu yake, anaisikia inavyogeuka maji.

Siku moja alipanda zahanati akamkuta bibi mmoja kwenye benchi, miguu imemvimba, mkono umevilia damu pale sindano ilipopita. Damu yake ndiyo iliyoharibika jana.

"Mjukuu wangu," bibi akamwambia, "hii damu unaipeleka au unamwagilia bustani? Maana mimi si kisima."

Benchi zima likacheka. Jokofu naye akacheka, cha mdomoni tu.

Sista akamvuta pembeni. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Mdogo wangu, dawa anayokunywa yule bibi naona inamwumiza figo. Siwezi kuibadilisha bila majibu ya maabara. Namwachia mkono upumzike, Ijumaa namchoma tena. Ikiharibika ya Ijumaa, natafuta mwenye pikipiki azunguke barabara kuu. Sipendi, lakini nitafanya."

"Itafika, sista."

"Hata hii ya jana uliniambia itafika."

Akarudi nyumbani moyo unafukuta. Akaipindua baiskeli uani, miguu juu, akachomoa tyubu, akaibamiza ukutani. Mkewe ni fundi cherehani, mashine yake iko hapo mlangoni. Akamtazama mpaka akamaliza.

"Ushaipiga ikakoma? Haya, lete nione."

Akaivuta ile tyubu kati ya vidole kama anakagua kitambaa dukani. "Hapa hapajachomwa," akasema. "Mwiba unaacha kitundu. Hapa pamelika. Kama suruali ya mtu anayetembea na funguo mfukoni, inavyolika pajani." Akaingiza mkono ndani ya tairi. "Na hii nini humu?"

"Fulana."

Hapo mtu lazima aelezwe habari za fulana. Kaka yake Jokofu ni fundi baiskeli, yule wa kona, mwenye beseni la maji na kopo la solusheni ya kuzibia pancha. Ndiye aliyemlea Jokofu tangu walipobaki wawili, akamlisha kwa viraka vya watu. Fulana ni akili yake mwenyewe. Anachukua tairi kuukuu, anakata kingo zake zenye waya, kipande kinachobaki anakilaza ndani ya tairi zima, ili mwiba ukipenya ukute ukuta wa pili. Mtaa mzima unatembea na fulana. Ya Jokofu ndiyo nene kuliko zote, maana kaka alilichana tairi la baiskeli yake mwenyewe kumkatia.

"Basi fulana yako ina pindo kali," mkewe akasema. "Pitisha kidole. Ningemshonea mteja hivi angenirushia usoni."

Jokofu akapitisha kidole, ukingo ukamkwaruza. Halafu akauliza, "Sasa kaka nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo."

Rahisi kusema. Kesho yake alifika pale kona anasukuma baiskeli, akakuta wateja wamekaa kwenye matofali, akazunguka maneno kama mbwa anayetafuta pa kulala. Mwisho akapiga moyo konde. "Kaka, fulana inakula tyubu."

Kaka hakuinua kichwa. "Nani kakwambia?"

"Shemeji yako."

"Tangu lini cherehani ikapanda mlima?"

Wateja wakacheka. Jokofu damu ikampanda. "Cheka wewe. Bibi wa watu atachomwa tena kesho kwa ajili ya fulana yako."

"Hawa wote wamevaa fulana. Waulize nani analalamika."

"Hawa wanakwenda sokoni na kurudi, kwenye tambarare, wamejaza upepo mpaka tairi linalia ukiligonga. Mimi napunguza upepo."

"Unapunguza kwa nini, una wazimu?"

"Damu isitikisike. Ile njia inarusha. Nikijaza sana, vichupa vinagongana."

Kaka akaweka bisibisi chini. Hili hakuwa analijua. Mdogo wake kila siku anapita hapo amepunguza upepo, naye anamwekea fulana, kila mtu na ubingwa wake kimyakimya. Akalivuta tairi, akaingiza mkono, ukatoka na unga mweusi wa mpira. Akausugua kati ya vidole kwa muda mrefu.

"Upepo ukiwa kidogo tairi linabonyea," akasema polepole, kama anajieleza mwenyewe. "Likibonyea, fulana inacheza. Ikicheza inasugua. Msumeno nimekuwekea mimi." Akaichomoa ile fulana, akaitupa nyuma ya beseni. Wateja hawakucheka tena. "Twende dukani."

Kwenye duka la vipuri Jokofu akaenda moja kwa moja kwenye tairi lenye meno marefu kama la trekta. Kaka akamshika shati. "Hilo la kupigia picha. Meno marefu yaliyoachana ni ya tope. Kwenye mawe yanakukokota, na mwiba unapita kati ya meno mpaka kwenye ngozi. Tafuta lenye meno mafupi katikati, yamebanana, na ya pembeni makubwa kidogo ya kukamatia kona."

Akaokota moja, akaliminya ubavu. Likajikunja kama karatasi, akalirudisha. La pili likagoma. Lilikuwa pana kuliko yale ya zamani, na kaka akapima kwanza kwa vidole nafasi iliyopo kwenye uma wa baiskeli, lisije likasugua.

"Pana linameza mawe lenyewe, huna haja ya kulilegeza hovyo. Ubavuni wameandika upepo, usishuke chini ya hapo. La nyuma jaza zaidi, ndilo limebeba sanduku. Ukilegeza sana, likigonga jiwe rimu inaing'ata tyubu. Utakuta matundu mawili yamepangana, utadhani umeumwa na nyoka."

"Na miiba?"

Wakanunua mawili, wakarudi kona. Kaka akalishika tairi kuukuu la Jokofu, akapitisha kitambaa ndani taratibu, kila kitambaa kikinasa anachomoa ncha ya mwiba kwa koleo. Ziko zilizovunjikia humo siku nyingi, zikingoja tyubu mpya. "Fulana niliianza kwa sababu ya hii," akasema. "Hii haitoki mbinguni. Kesho napanda na wewe."

Ijumaa akafunika beseni lake, akabeba gunia na reki. Mwanzo wa njia ya mkato, nyuma ya lile duka la wacheka watu, wakakuta ua wa miiba umekatwa jana, matawi ya miiba mabichi yametandazwa njiani kama mkeka. Mwenye duka alikuwa kwenye ngazi zake, kikombe mkononi.

"Jokofu leo umekuja na mlinzi?"

"Huu ua wa nani?" kaka akauliza.

"Wangu. Ila njia ni ya wote."

"Ndiyo maana umewatupia wote."

Mwenye duka akaangalia kikombe chake. Kaka akaanza kureki.

Wakati Jokofu anashuka na damu ya bibi, alimpita kaka katikati ya mlima, kainama na gunia. Kaka hakutazama. Alitega sikio tu, akalisikia tairi linavyokwenda, puu puu juu ya mawe, halipumui. Maabara walipofungua sanduku, barafu ilikuwa inagongana.

Majibu yalirudi, sista akabadilisha dawa, na miguu ya bibi ikaanza kuonyesha vifundo. "Kumbe njia unaijua," ndiyo shukrani bibi aliyoitoa. Kaka naye mbele za watu bado anatetea fulana yake, kwamba kwa tambarare haina ubaya, ila sasa haiweki bila kuchonga kingo, na mwenda mlimani hamwekei hata akilia. Gunia lake la miiba linajaa na kumwagwa, linajaa na kumwagwa.

Sasa wewe uliyekata ua wako ukaacha miiba njiani, wewe uliyechoma mbao ukaacha misumari kwenye majivu, wewe uliyevunja chupa ukaisukumia pembeni kwa kiatu: damu inayopita hapo kesho inaweza kuwa ya mama yako. Acha kucheka wanaosukuma baiskeli. Toka nje leo, inama, okota.